SAFARI YA TABORA NA KISIWA CHA RUBONDO



Katika mkutano uliopita palitolewa shauri kwamba akiba ya mfuko wa safari isigawanywe mkononi, bali twende Rubondo. Wapo waliouliza: watu wa visiwa, tuliozungukwa na bahari, twende kisiwa kingine kutafuta nini? Swali hilo ni la haki, maana fedha yenyewe ni jasho la karafuu.

Rubondo kimo ndani ya Ziwa Viktoria, upande wa kusini magharibi, nacho karibu chote ni msitu. Kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 1977. Simba hayumo, wala chui. Wamo viboko, mamba, fisi maji, pongo, na nzohe, mnyama wa jamii ya swala mwenye kwato ndefu za kumwezesha kupita katika matope. Tembo na twiga waliletwa na watu.

Lakini habari kubwa ni sokwe. Kati ya 1966 na 1969 shirika la wanyama la Frankfurt lilileta sokwe 17 waliokuwa wamefungwa Ulaya. Hawakufundishwa lolote, walifunguliwa milango wakaachwa. Wakajijulia wenyewe matunda ya kula, wakajenga matandiko yao juu ya miti, wakazaa, na leo kizazi chao ni makumi. Asiende mtu akidhani watamjia kupewa ndizi, kwani wengi huwakimbia watu, na yawezekana mkatembea kutwa msisikie ila kelele zao.

Yafaa ijulikane pia kwamba kisiwa hakikuwa kitupu. Wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi humo walihamishwa katika miaka ya 1960. Mwenye mikarafuu iliyopandwa na babu yake anajua uzito wa neno hilo. Tukifika, tuwaulizie watu hao kama tutakavyowaulizia sokwe.

Sasa njia. Mimi nashikilia kwamba tulale Tabora siku mbili, ingawa wenzangu katika kamati waona ni kupoteza wakati. Humu chamani wamo wengi wenye asili ya Unyamwezi. Wazee wao walishuka pwani kwa miguu, pembe za ndovu mabegani, na wengine wakavuka kuja kupalilia na kuchuma karafuu, wasirudi tena. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora msafara ulichukua kama miezi mitatu. Itakuwa aibu kupita kituoni usiku tumelala! Tutatazama tembe la Kwihara, alimokaa Livingstone mwaka 1872, na miembe ya zamani.

Mwaka 1858 Mwingereza Speke alimwacha mwenzake Burton mgonjwa hapo Tabora, wakati huo wakipaita Kazeh, akaenda kaskazini kwa miguu pamoja na Sidi Mubarak Bombay. Tarehe 3 Agosti akaliona ziwa, baada ya mwendo wa zaidi ya wiki tatu. Sisi tutapanda gari la moshi katika reli ya Mwanza iliyomalizika 1928. Toka Mwanza ni basi, kwa daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa 2025, kisha Geita, na mwisho mashua ya kukodi kutoka Nkome au Muganza.

Wakati ufaao ni Juni. Masika yamekwisha, na uchumaji mkubwa haujaanza. Wanaotaka Agosti watuambie nani atapanda mikarafuu yao.

Kila mtu achukue kitambulisho, maana ada ya hifadhi hulipwa kwa kila saa 24, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Achukue chandarua, nguo za mikono mirefu, na viatu vya kufunga. Kuoga ziwani hapana: mamba wamo.

Majina yaletwe kwa Katibu kabla ya mwisho wa Machi. Anayetaka fungu lake la akiba badala ya safari naye aandike hivyo, atalipwa.

Katibu