Sikio nalo liende masomo: namna mama anavyoweza kumsaidia mtoto anayejitayarisha kwa mtihani wa Kiingereza



Siku moja nilivuka mpaka wa Kasindi pamoja na binti yangu mkubwa, tukaenda Kampala kutafuta bidhaa za duka. Mimi niliacha masomo katika mwaka wa sita wa shule ya msingi. Yeye ana Diploma ya Serikali, na kaye zake za Kiingereza zimejaa alama nzuri. Muuzaji alipotaja bei, mimi nilielewa, nikabishana naye, akapunguza. Binti yangu alisimama kando yangu kama mtu asiyekuwapo. Ni pale muuzaji alipoandika bei kwenye karatasi ndipo naye akaelewa.

Ndani ya gari, wakati wa kurudi, aliniuliza kwa sauti ndogo: "Mama, miaka hii yote nilisoma nini?"

Nikamwambia: "Ulisoma kwa macho. Sikio lako bado halijaenda masomo."

Jambo hili si la nyumba yangu peke yake. Watoto wetu wanasoma kwa Kifaransa, na Kiingereza wanakiona katika ubao: sarufi, tafsiri, mazoezi ya kujaza nafasi. Kukisikia kikisemwa na mwenyewe ni mara chache sana. Halafu mtoto anapata chuo kikuu kinachofundisha kwa Kiingereza, anaombwa cheti cha lugha, na sehemu inayomwangusha inakuwa ile ya kusikiliza. Mwaka huu jambo hilo limeingia nyumbani kwetu, na niliyojifunza nataka kuwagawia.

Mtihani wenyewe ni nini

Binti yangu ameombwa IELTS. Ni mtihani unaotambuliwa na vyuo vikuu vya nchi nyingi, kama Uingereza, Kanada na Australia. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema. Kila sehemu inapewa alama kutoka 0 hadi 9, halafu wanatafuta wastani. Hakuna kupita wala kuanguka: kila chuo kinasema chenyewe alama kinayotaka. Vingi vinaomba 6 au 6.5, na vingine vinataka pia alama fulani katika kila sehemu.

Sehemu ya kusikiliza inachukua karibu dakika 30 na ina maswali 40. Imegawanywa mara nne, na ugumu unapanda. Kwanza ni mazungumzo ya watu wawili juu ya mambo ya kila siku, kama kukodi nyumba. Pili ni mtu mmoja anayetoa maelezo, tuseme juu ya mahali pa kutembelea. Tatu ni wanafunzi wanaozungumza juu ya kazi yao ya masomo, labda pamoja na mwalimu. Nne ni mwalimu wa chuo anayefundisha peke yake. Sauti zinaweza kuwa za Waingereza, Waaustralia, watu wa New Zealand au wa Amerika ya Kaskazini.

Na hapa ndipo penye uzito: kila sauti inasikika mara moja tu. Hakuna kusema "rudia tafadhali."

Kwa hesabu ya kawaida, majibu mazuri 16 kati ya 40 yanatoa karibu alama 5, majibu 23 yanatoa karibu 6, na majibu 30 karibu 7. Mara ya kwanza binti yangu kujipima nyumbani alipata 14. Chuo chake kinataka 6. Bei ya mtihani inapita dola 150, bila nauli na mahali pa kulala, na feza hiyo niliiomba kama mkopo katika MUSO yetu. Alama ikikosekana, mkopo utalipwa vilevile, na mtihani wa pili utataka mkopo mwingine. Ndiyo sababu nilikaa chini pamoja naye tutafute anakosea wapi.

Mahali masikio ya watoto wetu yanapodanganyika

Tulipochunguza makosa yake, tuliona kwamba mengi hayakutoka katika ukosefu wa akili wala wa maneno. Yalitoka katika Kiswahili na Kifaransa alivyovizoea.

Kwanza, herufi. Katika mtihani, mara nyingi mtu anataja jina lake au jina la barabara herufi kwa herufi. Kwa Kiingereza, A inaitwa "ei", E inaitwa "ii", na I inaitwa "ai". Mtoto wa Kifaransa akisikia "ii" anaandika I, kumbe ni E. Tena G inaitwa "jii" na J inaitwa "jei", karibu kinyume cha Kifaransa. Jina zima linaharibika kwa herufi moja.

Pili, namba. "Thirteen" ni 13 na "thirty" ni 30. Zinafanana, ila kwa 13 sauti inavutwa mwishoni, na kwa 30 inakazwa mwanzoni. Namba ya simu yenye 44 wanaweza kuisema "double four", na sifuri wanaweza kuiita "oh".

Tatu, sauti ambazo Kiswahili hakina. Sisi tuna irabu tano tu. Kwetu "ship" na "sheep" ni neno moja, lakini kwao moja ni meli na la pili ni kondoo. "Cut" na "cat" vilevile.

Nne, maneno yanayomezwa na yanayoshikamana. Sisi tunatamka kila silabi. Wao "Wednesday" wanaisema kama "wenzde", na "comfortable" inakuwa kama "kamftabo". "An apple" inasikika "anapo", mtoto akabaki anangoja Kiswahili kiendelee.

Tano, s ya mwisho. Katika Kifaransa, s ya wingi inaandikwa lakini mara nyingi haisikiki, kwa hiyo mtoto haitegi sikio. Katika Kiingereza inasikika, na jibu likitaka "books" naye akaandika "book", amekosa.

Sita, maandishi. Mtoto anasikia vizuri, halafu mkono unaandika Kifaransa: "adresse" mahali pa "address", "appartement" mahali pa "apartment", "exemple" mahali pa "example". Katika mtihani huu, neno lililoandikwa vibaya ni jibu lililokosewa.

Mwisho kuna mtego wa makusudi. Mtu anasema wakutane "Tuesday", mwenzake anajibu kwamba siku hiyo ana kazi, wanakubaliana "Thursday". Mtoto mwenye haraka ameshaandika siku ya kwanza. Sisi wa sokoni tunajua: bei ya kwanza si bei. Angoje mpaka mazungumzo yafungwe.

Zoezi la kila siku

Nusu saa kila siku inafaa kuliko saa nne za Jumamosi peke yake. Sikio linazoea kwa kurudia, kama mguu unavyozoea mlima. Hivi ndivyo tunavyofanya.

Tunachukua kipande kifupi. BBC Learning English ina kipindi kinachoitwa 6 Minute English, cha dakika karibu sita, na maneno yake yameandikwa ili mtu ayasome baadaye. Binti anakipakua pale mtandao ni mzuri, anakitunza katika simu. Sauti peke yake haili mega nyingi kama video, na ikishapakuliwa inaweza kupita toka simu hadi simu kwa Bluetooth bila kulipa tena.

Mara ya kwanza anasikiliza bila kusimamisha na bila kusoma, akiandika namba, majina na mambo makubwa. Mara ya pili anasikiliza tena na kujazia. Mara ya tatu anafungua maandishi, anayafuata kwa macho huku sauti ikiendelea, na kupiga mstari chini ya kila neno lililomponyoka. Kisha anachukua kaye yenye nafasi tatu na kuligawa kila kosa: neno nisilolijua, neno ninalolijua lakini sikulitambua, neno nililolisikia nikaliandika vibaya. Baada ya majuma mawili tuliona nafasi ya katikati imejaa kuliko nyingine. Basi hakukuwa na haja ya kukariri kamusi. Dawa ilikuwa kusema kwa sauti pamoja na msemaji, sentensi kwa sentensi, akimwiga anavyomeza maneno. Kile kinywa kinachoweza kutamka, sikio linakitambua upesi.

Mara moja kwa juma anafanya jaribio zima la maswali 40. Watayarishaji wa IELTS wanatoa mifano ya bure katika intaneti. Hapo hakuna kusimamisha, hata mtu akibisha mlango.

Kazi ya mama asiyejua Kiingereza

Wamama wengi wanasema: "Mimi sijui lugha hiyo, nitamsaidiaje?" Utamsaidia sana.

Kazi ya kwanza ni kushika simu. Mtoto akiishika mwenyewe, atarudisha nyuma kila anapokwama. Wewe ukiishika, sauti inapita mara moja, kama siku ya mtihani.

Kazi ya pili ni kuuliza kwa Kiswahili: "Wamesema nini? Nani alikubali, nani alikataa? Bei ni ngapi? Siku gani?" Asiyeweza kukueleza kwa Kiswahili hakuelewa, hata kama aliandika maneno mengi. Halafu akasome maandishi mbele yako na kuona kama alikueleza kweli.

Kazi ya tatu ndiyo kubwa zaidi: kumpa utulivu. Tuseme ukweli kati yetu. Mvulana akisema anasoma, nyumba inanyamaza. Msichana akisema anasoma, anaitwa kuchota maji, kutwanga sombe, kubeba mtoto. Nilihesabu siku moja: katika nusu saa nilimwita binti yangu mara tano, mimi mwenyewe ninayelipa mkopo kwa ajili yake. Mtihani huu hauruhusu sikio ligawanyike, na mtoto asiyezoea kusikiliza dakika 30 mfululizo nyumbani hataanza siku ile. Sasa, kutoka saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja ya jioni, haitwi. Kaka yake anachota maji. Alinung'unika juma moja, kisha akazoea.

Kazi ya nne ni ya kikundi. Kama katika chama chetu wako watoto watatu au wane wanaojitayarisha, wakutanishwe Jumamosi katika nyumba moja yenye kimya, na spika moja. Wafanye jaribio pamoja, wasahihishane, kila mmoja aeleze alisikia nini. Wasizoee tu ekuteri za masikioni, kwa sababu katika vyumba vingine vya mtihani sauti inatoka katika spika.

Kabla ya kulipa, na siku ya mtihani

Mtoto aandikie chuo kwanza aulize wanakubali mtihani gani na alama ngapi, kwa sababu si kila chuo kinataka IELTS. Angalieni tarehe ya pasipoti, kwa kuwa kwa kawaida ndiyo kitambulisho kinachoombwa. Matokeo yanakubaliwa kwa miaka 2 kwa kawaida, basi asifanye mapema mno. Na mtu akija kuwauzia "maswali ya mtihani", mfungieni mlango. Ni mwizi.

Siku yenyewe, kabla ya kila sauti wanapewa muda mfupi wa kusoma maswali. Muda huo si wa kupumzika: apige mstari chini ya maneno makubwa na ajiulize kama jibu litakuwa namba, jina au mahali. Maswali yanafuata mpangilio wa mazungumzo. Kama wamesema majibu yasipite maneno mawili, neno la tatu linaharibu jibu. Jibu baya halipunguzi alama, basi asiache nafasi tupu. Kwa mtihani wa karatasi, mwishoni kuna dakika 10 za kuhamisha majibu. Kwa ule wa kompyuta kuna dakika 2 tu za kuyaangalia.

Na likimponyoka jibu moja, aliache liende. Mteja mmoja akipita bila kununua, huachi meza yako kumkimbilia. Utapoteza na wale wanaokuja.

Jumamosi iliyopita, katika jaribio lake la kumi na moja, binti yangu alipata majibu mazuri 26 kati ya 40. Mtihani wenyewe bado. Ni mwezi ujao, na siwezi kuwaahidi kitu. Lakini juma hili tulikwenda tena Kampala, na nilimwacha aongee yeye na muuzaji. Alitaja bei. Binti yangu alinyamaza kidogo, akatabasamu, akamwambia apunguze.

Mimi nilisimama kando yake, nikanyamaza.