Mtandao wa mitambo unapokatika na kurejea: Fundi aanzie wapi?

Miongoni mwa hitilafu zinazowakabili mafundi wa mitambo, hakuna inayochosha kama ile inayotokea kwa sekunde chache, kisha ikatoweka kabla fundi hajafika. Ukanda wa Kilifi na Malindi, penye joto, unyevu na upepo wenye chumvi, una kila kitu cha kuistawisha.

Kidhibiti cha viwandani ni kompyuta ndogo, mara nyingi isiyo na kioo, inayofungwa ndani ya kabati la chuma. Kazi yake ni kusoma vipimo, kama vile kimo cha maji tangini au joto la mota, na kutoa amri katika muda wa milisekunde. Barua pepe ikichelewa nusu dakika hakuna anayedhurika. Kidhibiti nacho, kisipopata habari kutoka kwa mwenzake katika muda kiliowekewa, husimamisha mtambo kwa ajili ya usalama. Hivyo mkatiko wa kufumba na kufumbua waweza kuleta hasara ya saa nzima.

Eneo hili lina shughuli zisizostahimili vituko hivyo. Kituo cha umeme wa jua cha Langobaya, chenye uwezo wa megawati 40, kilianza kuzalisha umeme kibiashara mwaka 2021. Visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, hutegemewa na wakazi wa Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Popote pale pampu ilipo mbali na tangi, mawasiliano yakikatika ama maji yatafurika bure, ama wakazi watapanga foleni na mitungi.

Wengi hukimbilia kubadilisha kidhibiti chenyewe. Hiyo ni pupa, na pupa ya gharama kubwa, kwani aghalabu kosa huwa kwenye kebo, kichwa cha kebo au umeme unaolisha swichi ya mtandao.

Jambo la kwanza ni kulinganisha saa za vifaa vyote, kisha kuandika wakati wa kila mkatiko. Ukitokea kila pampu kubwa inapowashwa, shuku kushuka kwa nguvu za umeme au mwingiliano kutoka kwa kebo ya mota. Ukizidi alasiri, pima joto la kabati. Ukija kwa vipindi vilivyo sawasawa, chunguza programu.

Kisha zitazame taa. Taa ya mtandao ikizimika, kosa liko kwenye kebo, kichwa chake au umeme. Ikibaki imewaka ilhali mawasiliano yamekufa, angalia kama vifaa viwili vimepewa anwani moja, au kama upande mmoja umewekewa kasi maalumu na mwingine unajichagulia. Kosa hili la mwisho ni la hila: mtandao hufanya kazi vizuri wakati wa utulivu, ukaanza kuyumba shughuli zinapoongezeka. Swichi nyingi za viwandani huhesabu makosa ya kila tundu. Hesabu inayopanda imepata mwenyewe.

Chumvi ina udanganyifu wake. Huingia pamoja na unyevu na kula vishikizo vya kebo. Fundi akichomoa na kuchomeka tena, ule msuguano hukwangua kutu na mtandao ukapona kwa siku kadhaa, naye akaondoka akidhani kazi imekwisha. Vichwa vilivyozibwa dhidi ya maji ndivyo vinavyofaa huku. Kebo ya mtandao isilazwe pamoja na ya mota, na baina ya majengo ni heri kutumia faiba, ambayo hupitisha mwanga na haisafirishi radi.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha subiri muda mrefu kuliko ule mrefu zaidi uliowahi kupita kati ya mikatiko miwili. Wapo wanaorefusha muda wa kidhibiti kungoja habari ili kelele za kengele zikome. Muda huo usiguswe kabla ya mhandisi wa usalama kuidhinisha, kwa kuwa ndio unaosimamisha mota mtu akiwa karibu nayo.