Ukanda wa Nyuma wa Punda wa Gari

Ateremkaye kutoka mjini Mkoani kwenda bandarini hahitaji kuelezwa kuwa Pemba ni kisiwa cha vilima. Hata hivyo, nyingi katika gari za punda nilizozitazama zimefungwa kana kwamba njia zote ni tambarare kama za Makunduchi.

Ukanda wa kifuani ni wa kuvutia tu. Njia ikiinama, gari ndiyo humsukuma mnyama. Asipokuwa na cha kuegemea kwa nyuma, mikono ya gari husogea mbele, tandiko hufuata hadi mabegani, na ubao humgonga miguu. Akisita, huitwa mkaidi na bakora humshukia.

Dawa yake ni ya kale, na waendeshao farasi huko Uingereza waijua vyema: ukanda mpana upitao nyuma ya makalio, uliofungwa kwenye mikono ya gari pande zote mbili, na kushikiliwa na mwingine mwembamba upitao juu ya kiuno. Mnyama huukalia, naye huizuia gari kwa nguvu za mapaja.

Wako wafungao ukanda mmoja tu baina ya mikono ya gari, bila kumvika mnyama. Kwa gari nyepesi yafaa. Kwa gari ya mchanga au mawe mimi siupendelei, maana kimo chake hufuata gari wala si mnyama, na punda wetu hawalingani.

Kimo ndicho kiini. Ukipanda karibu na shina la mkia humwinua. Ukishuka mno huikumba miguu yake. Mahali pake ni chini kidogo ya mfupa wa kalio. Anapovuta, pabaki nafasi ya upana wa kiganja: ukibana humchubua kila hatua, ukilegea gari humrukia kabla haijazuilika.

Ngozi ni bora, ila ni ghali. Turubai iliyokunjwa mara tatu, au mikanda ya viti vya gari mbovu, yatosha. Kamba ya nailoni, tuionayo kila siku, ni msumeno.

Wakuu wa wilaya wasingoje fedha za mradi kwa jambo hili. Bwana mifugo aendapo kijijini na ayatazame makalio ya punda kama atazamavyo kwato, na mwenye gari ya mlimani asiye na ukanda aelekezwe kwa mshona viatu aliye jirani.