SMS Imegoma Kutoka? Jiulize Kwanza Imekwama Wapi

Wanachuo wenzangu, kila likizo nikirudi Mafia napewa kazi ambayo haimo kwenye kozi yangu ya ualimu: ufundi simu wa ukoo. Shangazi ananipa simu yake, mjomba naye yake, na swali ni lile lile: "Mwanangu, mbona meseji haiendi?"

Kwetu hilo si swali dogo. Mtu yuko Nyamisati anasubiri chombo cha kuvuka kuja Kilindoni, au mgonjwa kapelekwa Dar. Bando limeisha, WhatsApp haifunguki, kilichobaki ni SMS. Na wewe utakayepangiwa field kijijini, hali hiyo utaikuta.

Wengi SMS ikigoma wanabonyeza "tuma tena" mara kumi, au wanafuta kila kitu kwenye simu. Mimi nauliza jambo moja: imekwama wapi?

SMS hairuki moja kwa moja kutoka simu yako hadi ya mwenzako. Mnara unaipokea, inapelekwa kwenye kituo cha ujumbe cha mtandao wako, halafu kituo hicho ndicho kinamtafuta mlengwa. Ni kama mzigo wa kuja Mafia: kwanza ufike Nyamisati, kisha usubiri chombo. Simu ikiandika "haijatumwa", mzigo haujafika Nyamisati, kwa hiyo kagua upande wako. Ikiandika "imetumwa" na mwenzako hajaiona, mzigo umeshatoka mikononi mwako.

Tuanze na ile isiyotoka kabisa. Mtumie mtu mwingine SMS fupi. Ikienda, simu yako ni nzima; kagua namba ya yule wa kwanza. Kosa la kawaida ni kuandika +255 halafu ukaiacha na sifuri, yaani +25507. Sifuri hiyo inatoka. Kwa ndugu aliye Muscat namba inaanza na +968, si 00 ukiisahau nchi.

Ikigoma kwa watu wote, fuata mpangilio huu, wa bure kwanza:

1. Tazama mtandao. Washa alama ya ndege, hesabu hadi kumi, izime. Simu itatafuta mnara upya. SMS ni ndogo sana, inaweza kupita mahali ambapo simu ya sauti inakatika, kwa hiyo sogea hatua chache ujaribu tena. Kuwasha data hakusaidii, kwa sababu SMS ya kawaida haipiti kwenye intaneti.

2. Tazama salio. Kuna bando la SMS la mtandao mmoja tu. Ukimwandikia wa mtandao mwingine, inakatwa kwenye salio la kawaida, na kama ni sifuri, haitoki.

3. Kama simu ina laini mbili, hakikisha inatuma kwa laini yenye salio. Hapa ndipo nakuta matatizo mengi.

4. Kagua usajili. Piga *106# uone kama laini imesajiliwa kwa alama za vidole. Ambayo haijasajiliwa inaweza kufungiwa.

5. Kama kupiga unapiga vizuri, salio lipo, lakini SMS inagoma kwa kila mtu, shuku namba ya kituo cha ujumbe. Kila laini hubeba namba hiyo, na ikiharibika, simu haijui ipeleke wapi. Kwenye iPhone unaiona kwa kupiga *#5005*7672#. Kwenye simu nyingine, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako wakutumie namba sahihi.

Kuna mtego mwingine. Programu ya Google Messages ina huduma ya gumzo, na iPhone ina iMessage. Hizo zinatumia intaneti, ingawa zinakaa mle mle kwenye meseji. Bando likiisha, ujumbe unaweza kuning'inia. Zima gumzo, au kwenye iPhone ruhusu itume kama SMS.

Pia angalia emoji. SMS moja ina nafasi ya herufi 160. Ukiweka emoji hata moja, nafasi inashuka hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 ni SMS moja; uongeze kauso kamoja kanakocheka, unakuwa SMS tatu. Bumu likiwa limeisha, hapo ndipo salio la SMS moja linashindwa kutosha na wewe unalaumu simu.

Sasa ile iliyoandikwa "imetumwa". Mvuvi akiwa baharini nje ya minara, au simu yake imezimika chaji, kituo kinaishikilia SMS na kujaribu tena na tena kwa muda uliowekwa na mtandao. Muda ukipita, inafutwa. Ukituma tena mara tano, akirudi hewani atazipokea zote tano, na wewe umelipia zote. Badala yake, ingia kwenye mipangilio ya meseji uwashe ripoti ya kufika.

Na hata ripoti hiyo inasema tu kwamba simu imepokea, si kwamba mtu amesoma. Ikiwa jambo ni safari, ugonjwa au ada, malizia kwa maneno mawili: "Nijibu tafadhali." Bila jibu, usihesabu kwamba kajua. Tafuta jirani yake umpigie.