Mtoto Akiuliza: "Mungu Alikuwa Wapi?"



Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 watoto wengi wa sehemu kavu za nchi yetu waliona mifugo ya nyumbani ikifa. Katika shule moja ya msingi, msichana wa Gredi ya 6 aliinua mkono kipindi cha C.R.E. akauliza, "Mwalimu, kama Mungu ni mwema, mbona aliacha ng'ombe wetu wakafa wote?" Akaambiwa aketi, ati maswali kama hayo ni ya wasioamini. Mamake, ambaye ni mwanakikundi, alituambia kwamba tangu siku hiyo mtoto hakuuliza kitu tena, hata nyumbani.

Jambo hili linatuhusu sote. Katika somo la dini watoto hukariri Amri Kumi na majina ya mitume ili wapite mtihani. Hiyo si vibaya. Lakini kuna maswali makubwa: Dunia ilitoka wapi? Mbona wema wanateseka? Tukifa tunaenda wapi? Mtoto asipopata mahali pa kuyauliza, ataacha kuuliza, na baadaye huenda akaacha imani pia.

Biblia haiogopi maswali. Marafiki wa Ayubu walishikilia kwamba mateso yake yametokana na dhambi. Mwishowe Mungu aliwakasirikia wao. Naye Yesu, akiwa na miaka 12, alikutwa hekaluni akiwasikiliza walimu na kuwauliza.

Wengine huogopa kwamba sayansi itaharibu imani. Hebu tukumbuke: Gregor Mendel, aliyechapisha mwaka 1866 jinsi mimea ya minji inavyorithi maumbile, alikuwa mtawa. Elimu hiyo ndiyo msingi wa mbegu bora za mahindi tunazopanda. Na Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyeeleza kwamba ulimwengu unapanuka na ulikuwa na mwanzo, alikuwa padre.

Basi tufanyeje? Iko njia ambayo vikundi vingi vinaijua tayari. Ilianzishwa na Padre Joseph Cardijn kwa vijana wafanyakazi, na Papa Yohane XXIII aliipendekeza kwa Kanisa lote mwaka 1961:

1. ONA. Tusikilize swali lote bila kukasirika. Ni nini kilitokea? Mvua ilikosa wapi, na maji yaliyokuwako yalienda wapi?

2. AMUA. Tuulize Neno la Mungu na akili aliyotupa vinasema nini. Tusipojua, tuseme wazi kwamba hatujui. Mwalimu au mzazi akisema hivyo hapotezi heshima.

3. TENDA. Tufanye jambo moja, hata dogo.

Wamama wa kikundi kile walienda kumwona mwalimu mkuu. Hawakwenda kugombana. Waliomba kipindi kimoja cha P.P.I. kila mwezi kiwe cha maswali, na katekista awepo. Ombi likakubaliwa.

Katika kipindi cha pili, yule msichana aliinua mkono tena: "Mbona silanga yetu ilijaa mchanga miaka hiyo yote, na watu wazima wakiona?"

Swali la kwanza bado halina jibu la haraka, nasi tunaendelea kuliombea na kulitafakari. Lakini hili la pili lilikuwa letu. Mtu anayeamini kwamba ukame ni laana tu, atakaa akingoja. Anayeamini kwamba Mungu amemkabidhi ardhi aitunze, atasali kisha achukue jembe. Jumamosi iliyofuata kikundi kilianza kuchimbua silanga.

Kuuliza si ujinga.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni swali gani mtoto wako aliuliza ukamnyamazisha? Kwa nini?
2. Tunaposema "ni mapenzi ya Mungu," ni lini tunasema kwa imani, na ni lini tunakwepa kazi?
3. Nani kati yetu atazungumza na shule iliyo karibu, na lini?