Sura ya Tano: Mji na Jirani Yake

Mgeni wa Tanga hushuka stendi ya Kange, akachukua bajaji hadi katikati ya mji, akaenda Mapango ya Amboni, akala samaki Raskazone, kesho yake akarudi kwao. Amefurahi, na amestarehe. Lakini kwa nini reli ilianzia hapa? Kwa nini barabara zake ni pana kuliko shughuli zinazopita juu yake? Majibu ya maswali hayo yako mwendo wa kilomita 50 hivi kusini, Pangani.

Sura hii inafundisha desturi moja tu: mji usiutembelee peke yake. Uambatanishe na jirani yake, kisha uulize kwa nini mmoja ulikua na mwenzake akabaki nyuma. Swali hilo ndilo litakalokuonyesha cha kutazama.

Panda gari la Pangani asubuhi, ila mwambie konda akushushe Tongoni. Hapo yapo magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40, mengi ya karne ya 14 na 15. Baadhi yana nguzo ndefu, na kwenye kuta zake kuna vishimo vilivyopachikwa vyombo vya kauri kutoka Uchina. Lipa kiingilio kwa mlinzi, kisha usimame kati ya makaburi ukitazama bahari. Meli za biashara zilifika hapa kabla Mreno hajaijua pwani hii. Leo Tongoni ni kijiji cha wavuvi. Kumbe hata kabla ya Pangani na Tanga, ufuko huu ulikwisha kuwa na mji wenye fahari, ukainuka na ukashuka.

Pangani yenyewe itembee kwa miguu, ukiufuata mto. Majumba ya wafanyabiashara wa zamani bado yamesimama, mengine yakiwa yamepoteza paa. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilishukia hapa, na mashamba ya miwa yaliujaza ukingo wa mto. Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani dhidi ya Wajerumani kuanzia mwaka 1888, alikuwa na shamba lake jirani na mji huu, na ni hapa aliponyongwa Desemba 1889.

Sasa nenda kwenye pantoni ivukayo kwenda Bweni, utazame mto unavyoingia baharini. Mdomoni pana fungu la mchanga. Jahazi lilipita bila shida, lakini meli kubwa ya chuma haikuweza. Tanga, kwa upande wake, ina ghuba yenye kina, iliyokingwa na upepo. Mwaka 1893 ujenzi wa reli ukaanzia Tanga, ukapanda kidogokidogo kuelekea milimani hadi kufika Moshi mwaka 1911. Mizigo ya bara ikahama njia, na wafanyabiashara wakaifuata.

Mwaka huohuo wa 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyopona, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kwa hiyo zao lililokuja kuitajirisha Tanga lilianzia kwa jirani aliyekuwa akipungukiwa. Kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na hakuna nchi iliyoishinda. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka pori. Hapo ndipo upana wa barabara za Tanga unapoeleweka.

Ukirudi Tanga, ivuke reli uingie Ngamiani, ambako mitaa huitwa kwa namba. Keti barazani penye kahawa na kashata, wape wazee shikamoo, uache maongezi yao yaendelee. Usianze na historia. Uliza mtu ametokea wapi, au babu yake alifanya kazi gani. Utasikia habari za manamba waliotolewa Kigoma, Songea na hata Burundi kuja kukata mkonge, wakaoa hapa na kuzikwa hapa. Vitabu vitakupa miaka na tani. Barazani ndipo utakapojua nani aliyekata mkonge huo, na wajukuu wake wanaishi kwa kazi gani sasa.

Msomaji asiyekaa Tanga naye ana jozi yake. Aliyeko Dar es Salaam aanzie Bagamoyo, uliokuwa makao makuu ya Wajerumani hadi walipohamia Dar es Salaam mwaka 1891, wakifuata bandari yenye kina. Wa Kigoma anayo Ujiji, mji wa misafara ulioachwa kando reli ilipomalizikia Kigoma mwaka 1914. Anza siku zote na mji ule mdogo, ule ambao watu watakuambia hauna kitu. Uliza wenyeji mizigo ilikuwa ikipita wapi zamani na sasa inapita wapi. Ukishapata jibu, nenda kwenye mji mkubwa. Utajua ni mtaa gani wa kuanzia na ni nani wa kumuuliza.