Uguza Pole: Salamu Tunayomnyima Muuguzi

Miongoni mwa salamu ambazo Waswahili wamewekeana kwa nyakati za dhiki, mbili huhusu maradhi. Mgonjwa huambiwa, "Ugua pole," yaani maradhi na yampitie kwa upole. Yule anayemhudumia naye huambiwa, "Uguza pole," au kwa urefu kidogo, "Pole kwa kuuguza." Aliyeibuni salamu hii ya pili, awaye yote, alitambua jambo ambalo sisi wa zama za hospitali kubwa tumeanza kulisahau: kwamba kando ya kitanda cha mgonjwa huwa pana mtu wa pili naye amebeba mzigo.

Je, siku hizi salamu hiyo twampa nani? Twampa mama anayemuuguza mwanawe na mke anayemuuguza mumewe. Muuguzi wa hospitali, aliyeifanya kazi ya kuuguza kuwa kazi ya maisha yake, na ambaye huenda usiku mmoja akaachiwa wodi nzima, twampita mlangoni bila neno. Akikosea, twajua pa kwenda kushtaki. Akitenda wema, twafunga mizigo yetu na kwenda zetu. Dai langu katika makala haya ni kuwa wema wa muuguzi unastahili kutajwa hadharani na kwa maandishi, na kwamba wanaopasa kuutaja kwanza ni wale waliouguzwa na jamaa zao.

Niruhusu, msomaji, nianzie katika taaluma yangu. Mwanafunzi wa kidato cha pili anajua kwamba kitenzi "pungua" katika kauli ya kutendesha huwa "punguza", "potea" huwa "poteza" na "ungua" huwa "unguza". Anayeunguza chakula ndiye aliyekisababisha kiungue. Kwa kanuni hiyo hiyo, "ugua" huzaa "uguza", na tungetazamia kwamba anayeuguza ndiye anayesababisha maradhi. La hasha! Hakuna Mswahili aelewaye hivyo. Kuuguza ni kuwa pamoja na mgonjwa katika kuugua kwake, kama vile kumtembeza mgeni kulivyo kutembea naye, wala si kumsukuma njiani. Neno "nesi" tumelipata kwa Waingereza, na "sista" limetufikia kwa watawa wa misheni na kwa cheo cha wasimamizi wa wodi katika hospitali za Kiingereza. Lakini "muuguzi" ni neno letu, na ndani yake mna maelezo kamili ya kazi yenyewe: anayeandamana na mgonjwa.

Kuandamana huko huonekana katika mambo madogo. Miaka kadhaa iliyopita mama yangu mzazi alilazwa katika hospitali moja ya umma akiwa mahututi, hajibu wala hafumbui macho. Muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa na desturi ya kumwambia kila jambo kabla ya kulitenda. "Mama, sasa nakugeuza ubavu wa kushoto. Utasikia maumivu kidogo, kisha yatatulia." Ndugu yangu alimwuliza kwa nini anasema na mtu asiyejibu. Akajibu, "Hajibu, lakini hatujui kama hasikii." Kisha akaendelea na kazi yake.

Faili ya mama ilitaja joto la mwili, mpigo wa moyo, dawa na saa ya kila dawa. Maneno yale hayakuandikwa popote, wala hapakuwa na safu ya kuyaandikia. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Ustadi wa muuguzi una kumbukumbu na una mkaguzi, ilhali huruma yake haina kumbukumbu, na shahidi wake ni mgonjwa au jamaa aliyeketi kando. Shahidi huyo akinyamaza, jambo hilo hupotea kana kwamba halikutendeka kamwe.

Wapo waliokataa kunyamaza. Huko Marekani, mwaka 1999, kijana mmoja aitwaye Patrick Barnes alifariki akiwa na umri wa miaka 33, baada ya kulazwa kwa wiki nane kwa ugonjwa wa kinga ya mwili. Jamaa zake, wakiwa bado katika huzuni, walikumbuka jinsi wauguzi walivyomhudumia kwa upole, wakaanzisha tuzo ya kuwashukuru wauguzi, inayojulikana kama Tuzo ya DAISY. Utaratibu wake ni rahisi. Mgonjwa au jamaa yake huandika kisa cha jambo alilotendewa, na muuguzi anayeteuliwa hutuzwa mbele ya wenzake. Miongoni mwa anavyopewa ni sanamu ndogo ya jiwe iliyochongwa kwa mkono na mafundi wa Kishona wa Zimbabwe. Yaani mikono ya Kiafrika imekuwa ikichonga shukrani za wauguzi wa ng'ambo, na sisi tulio karibu na mikono hiyo tuna kila sababu ya kuiiga desturi yenyewe.

Huenda mtu akasema kwamba Kenya nayo ina muuguzi aliyetuzwa, na ni kweli. Mwezi wa Mei mwaka 2022, Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, alitunukiwa mjini Dubai tuzo ya Aster Guardians ya dola 250,000, akiwa wa kwanza kabisa kuipokea. Alisifiwa kwa kazi aliyoifanya katika jamii yake, ikiwemo kuanzisha shule kijijini na kupigana na ukeketaji wa wasichana. Twajivunia ushindi wake. Lakini tuzo kama ile humfikia mmoja kati ya maelfu, na waamuzi wa Dubai hawawezi kukaa katika wodi zetu saa tisa za usiku. Wanaokaa humo ni sisi.

Sasa nizikabili pingamizi. Ya kwanza ni kwamba muuguzi hulipwa mshahara, basi ashukuriwe kwa lipi? Mwalimu naye hulipwa mshahara, na bado kila mmoja wetu anamkumbuka mwalimu fulani ambaye mshahara haukutosha kueleza aliyoyatenda. Mshahara hununua saa za kazi. Kumwambia mgonjwa asiyejibu kwamba atageuzwa ubavu ni jambo linalotolewa juu ya saa hizo.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, nayo hutoka kwa wauguzi wenyewe. Wanahofu kwamba sifa zitatumiwa badala ya haki. Hofu yao ina msingi. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma tangu Juni hadi mwanzoni mwa Novemba, takriban miezi mitano, wakidai mkataba wa mishahara na masharti ya kazi. Katika migogoro ya namna hii hakukosekani kiongozi wa kuwakumbusha kwamba uuguzi ni "wito". Neno hilo ni zuri likitamkwa na aliyeitwa, lakini likitamkwa na anayepaswa kulipa, aghalabu ni njia ya kupunguza malipo. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wahudumu wetu wa afya kwenda kufanya kazi huko, na anayeondoka hatazuiwa na cheti cha ukutani. Kwa hivyo ieleweke wazi: serikali idaiwe mshahara na vifaa, na shukrani zitoke kwa wananchi. Hayo ni madeni mawili, na kulilipa moja hakufuti la pili.

Ya tatu ni kwamba wapo wauguzi wakali wanaowafokea wagonjwa, hata wajawazito. Wapo, na waliotendewa hivyo wana haki ya kulalamika. Lakini malalamiko humfundisha mtu lisilofaa tu. Mwanagenzi anayeingia wodini kwa mara ya kwanza anahitaji pia kusikia lililofaa, likiwa na maelezo yake, ili alijue atakapokutana nalo.

Nitahadharishe pia kuhusu "chai". Ni rahisi shukrani kugeuka hongo. Alama ya kuzitenganisha ni kwamba hongo hulitangulia tendo na hutolewa kwa siri, ilhali shukrani huja baada ya tendo na husemwa mbele ya watu. Ndiyo maana napendekeza maandishi, wala si bahasha.

Na hapa nawageukia walimu na wanafunzi. Tumewafunza vijana kuandika barua kwa mhariri kulalamikia taka, barabara mbovu na uhaba wa maji. Tuwape na zoezi jingine: kila mwanafunzi ambaye yeye au jamaa yake amewahi kulazwa aandike barua kwa msimamizi wa hospitali ile, akitaja tendo moja la huruma aliloliona. Asiandike kwamba muuguzi "alikuwa mwema sana", maana sifa ya namna hiyo haimtambulishi mtu. Aandike alichotenda, alichosema, na kama ni usiku au mchana. Asitaje maradhi ya mtu, kwa kuwa hiyo ni siri ya mgonjwa. Barua zilizo bora zitumwe kwelikweli. Nazo hospitali, ambazo nyingi zina sanduku la maoni ukutani, zizisome mbele ya wafanyakazi wote tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, ambayo ndiyo siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820.

Chanda chema huvikwa pete, walisema wahenga. Iwapo barua ni ndefu na wakati hautoshi, basi tuanze na maneno mawili ambayo lugha yetu imetuwekea tayari. Utakapotoka wodini, mtazame muuguzi wa zamu na umwambie, "Uguza pole."